Kidole Alichokifunga Bibi Yako

Mwanangu Riziki,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa fundi kuchukua sketi za chuo, na umesema ukitoka huko utapita kuwaaga wenzako. Nakujua unavyoaga, hutarudi mpaka Magharibi. Kwa hiyo nina muda, nina kalamu ya buluu, na nina daftari langu la Biolojia ambalo limebaki na kurasa tupu upande wa nyuma. Mwalimu hapendi tuchane madaftari. Leo nitalichana.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kufunga sanduku wala kula kwa wakati. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, hata redio huzimwa." Nataka kukwambia jambo moja tu, ambalo nimekaa nalo miaka kumi na tisa. Nimeanza barua hii mara tatu na kila mara nimejikuta naeleza habari nyingine. Ngoja nianze na mikono yako.

Tazama mikono yako yote miwili, ubavuni mwa kidole cha mwisho, pale kinapoanzia. Kuna kinundu kidogo kila upande, kama punje ya mtama. Ulipokuwa na miaka mitano ulimuuliza bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, akakwambia uliumwa na panya ulipokuwa mchanga. Ukamuuliza, "Mikono yote miwili, bibi?" Akasema, "Panya walikuwa wawili." Ndiyo maana mpaka leo ukimwona panya unapanda kitandani na viatu.

Riziki, panya umewaonea bure. Ulizaliwa na vidole kumi na viwili.

Vile viwili vya ziada vilikuwa vidogo, laini, havina mfupa, vimening'inia kwa ngozi nyembamba. Lakini vilikuwa na kucha. Nilipoziona kucha zile nililia, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwahi kuona mtoto wa namna hiyo. Baba yako hakuwepo. Unajua kwamba alikuwa fundi wa mafriji, kijana wa Rasbura kule Lindi, aliyekuja hapa Kilwa Masoko kutengeneza mashine za barafu ya samaki. Tulioana kwa heshima zote. Kisha akaitwa kazini Mtwara, mimi nikarudi kwa mama kujifungua. Nawe ukaja mapema, mwezi wa nane tangu ndoa, kilo mbili na kitu. Watu wa mtaa walihesabu miezi kwa vidole, na mama yangu aliwasikia wakihesabu.

Siku ya tatu mama alichukua uzi mweusi, akausugua kwa mafuta ya nazi, akafunga kidole kimoja, kisha kingine. Nikamuuliza, "Mama, hataumia?" Akasema, "Ataumia kidogo leo, asije akaumia sana kesho. Miezi minane wameshaisema. Unataka wapate na vidole?" Baada ya siku chache vikakauka, vikadondoka karibu sawa na kitovu. Akavizika vyote pamoja chini ya mdimu, nyuma ya choo. Sikumlaumu, na leo pia siwezi kumlaumu. Alikuwa ananikinga kwa kitu alichokuwa nacho mkononi, nacho kilikuwa uzi.

Siku ya arobaini akaja mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, mama wa baba yako. Alitoka Lindi alfajiri, akafika na kanga mpya na chupa ya marashi, na chini ya kwapa amebana mkoba wake. Nakumbuka alivyoketi mkekani. Mama alikuwa amekupaka wanja usoni na manjano mikononi mpaka kwenye kiwiko, ukang'aa kama bibi harusi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Uzazi umekwendaje? Nipe mjukuu wangu nimtazame."

Nikampa. Hakukutazama uso. Alikufunua kanga, akakunjua mkono wako wa kulia, akahesabu kwa sauti. "Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano." Akakunjua wa kushoto, akahesabu tena, akafika vitano tena. Nikaona ana kibonge cha uzi mweupe kiganjani, amekitoa mkobani. Nilijiuliza, mwanamke mzima anakuja na uzi kwenye arobaini kushona nini?

Akauliza, "Hivi ndivyo alivyozaliwa?"

Mama akawahi, "Ndivyo, dada. Hana kasoro hata moja."

"Sikukuuliza wewe. Zuhura, nakuuliza wewe. Ndivyo alivyozaliwa?"

Mama alinifinya paja. Hata asingenifinya, mwanangu, nadhani ningejibu vilevile. Nilisema, "Ndivyo, mama."

Bi Mwanahawa akarudisha uzi mkobani, akakufunika, akasema, "Mungu amkuze." Akaondoka kabla pilau halijapakuliwa. Baada ya wiki tatu ikaja karatasi ya talaka, mistari mitatu, imeletwa na mtu nisiyemjua. Hapakuandikwa sababu. Nilidhani ni ile miezi minane.

Hayo ndiyo niliyokwambia siku zote, kwamba walihesabu miezi. Na kwa miaka minne hata mimi niliamini hivyo. Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo si ya mama yangu wala ya Bi Mwanahawa. Ni yangu peke yangu.

Ulikuwa na miaka minne, tukawa tunakwenda Mtwara mazikoni. Basi likasimama Mingoyo, pale njia panda, wauza korosho wakakimbilia madirishani. Mmoja akanikodolea macho. "Wee! Si mke wa Athumani wewe?"

"Nilikuwa," nikasema. Nikamtambua. Alikuwa Saumu, dada wa baba yako.

"Wifi, ulitutia aibu," akasema, lakini kwa upole, kama mtu anayesikitika. "Ungezaa tu mtoto wetu, mama angekupenda kuliko sisi. Wewe huna habari? Sisi kwetu tunazaliwa na vidole sita. Mama mwenyewe ndiye hufunga uzi, siku ya arobaini, mbele ya watu wote waone. Kabla ya hapo mtoto haguswi. Hebu tazama." Akaingiza mkono dirishani, na pakiti ya korosho bado iko kiganjani. Ubavuni mwa kidole cha mwisho palikuwa na kinundu, kama punje ya mtama. Baba yako naye alikuwa nacho kila mkono, nami siku zote nilidhani ni sugu za kazi.

Ulikuwa umelala mapajani mwangu. Mkono wako ulikuwa nje ya kanga.

Nikaufunika.

Dereva akapiga honi, Saumu akanitupia korosho, akasema, "Nenda salama, wifi, mkubwa ni Mungu," na basi likaondoka. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nikaitumia kuvuta kanga. Nimejiuliza miaka yote kwa nini. Mara najiambia ilikuwa hasira, kwamba watu wanaohitaji kuona kidole ndipo wampende mtoto hawakustahili kuambiwa. Hiyo inasikika vizuri, lakini si kweli yote. Kweli ni kwamba nilijua wakikutambua, ukitimiza miaka saba watakuja kukuchukua, kwa kuwa mtoto ni wa kuumeni. Mimi nilikuwa na wewe tu. Nikachagua uonekane huna ukoo, ili ubaki kwangu.

Hivyo unapokumbuka wasichana wa madrasa wakikuuliza "Babako nani?" nawe unarudi unalia, ujue kwamba jibu la kuwanyamazisha nilikuwa nalo. Nilikuwa nakupikia uji na jibu ninalo.

Miaka ikapita, ukakua, ukafika kidato cha tatu, ukanikalia kichwani nikajiandikishe darasa la jioni. Ulisema, "Mama, uliishia la saba, hukufeli." Ukanisajili wewe mwenyewe, ukanishonea na mfuko wa madaftari. Sikutaka kukwambia ila niseme leo: siku ya kwanza nilipokaa kwenye dawati la watoto wa shule ya msingi, magoti yamegusa kidevu, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Mwaka huu tumefika kwenye mada ya mageuko ya viumbe. Mwalimu wetu, unamjua, Mwalimu Fransiska, Mmatumbi wa Kipatimu, aliniambia, "Mama Riziki, wewe unachinja kuku kila siku. Kesho niletee mabawa, uyachemshe nyama itoke yote, na mguu wa mbele wa mbuzi ukiupata." Nikaleta. Yeye akatoa kabatini kasia la kasa, yaani mguu anaoogelea nao, lililokauka, ambalo watoto waliliokota ufukweni. Akaipanga mifupa mmoja mmoja juu ya meza.

Riziki, nimechambua mabawa ya kuku tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuyatazama. Mfupa mmoja mnene kutoka begani. Kisha mifupa miwili inayokwenda sambamba. Kisha vifupa vidogo vya kifundo. Kisha vidole. Kuku hivyo, mbuzi hivyo, kasa hivyo. Halafu mwalimu akaweka mkono wake mwenyewe kando ya ile mifupa, nao hivyohivyo. Alisema kuku amebaki na vidole vitatu vilivyoshikana ndani ya bawa, mbuzi anatembea juu ya viwili, kasa ana vitano kama sisi, vimefichwa ndani ya kasia.

Shomari, yule mgambo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, unataka kusema kuku ni binamu yangu?"

"Wa mbali sana, Shomari."

"Basi nimekula ndugu wengi."

Darasa likacheka. Akaona amepata watu, akaongeza, "Na habari ya nyani, mwalimu, waachie nyinyi wa milimani. Sisi wa Kilwa wazee wetu walikuja na merikebu kutoka Shirazi, inajulikana."

Mwalimu akamwambia, "Inajulikana. Na wale waliowapokea ufukweni na kuwapa wake, walitoka wapi?" Shomari akacheka mwenyewe, akakaa. Mwalimu akaeleza kwamba hakuna anayesema nyani tunaowaona leo ndio babu zetu. Wao na sisi tuna wazee wa zamani sana tuliochangia, kisha njia zikaachana.

Nilivyoelewa mimi ni hivi, na unisahihishe nikikosea, maana wewe ulipata alama nzuri kuliko nitakazopata. Watoto hawafanani kabisa na wazazi, kila mmoja huja na tofauti yake ndogo. Tofauti nyingine humsaidia mwenye nayo kuishi mahali alipo na kuzaa, naye akairithisha. Nyingine humrudisha nyuma. Vizazi vikipita vingi kupita hesabu, tofauti ndogo hurundikana mpaka wajukuu wa mbali hawafanani tena na walikotoka. Mwalimu akanielekea, "Mama Riziki, tetea wa kuatamia unamchagua vipi?" Nikasema mwenye mayai mengi, asiyekanyaga vifaranga. "Basi ndiyo maana kuku wako si kama wa mama yako. Wewe unachagua kwa mkono. Porini hakuna mkono, kuna njaa, kuna mwewe, kuna ukame."

Kuhusu ushahidi akasema hatutegemei kitu kimoja. Kuna mifupa iliyogeuka mawe, kama ile iliyochimbwa huku kwetu Lindi, kilimani Tendaguru, ya wanyama wakubwa kupita tembo, ambayo wazee wetu waliibeba vichwani mpaka bandarini. Katika tabaka lile la mwamba, alisema, haujakutwa mfupa wa mtu, wala wa mbuzi, kwa kuwa walikuwa hawajatokea. Kuna mifupa ya viumbe walio hai, inayofuata ramani moja kwa kazi mbalimbali. Na kuna vitu vilivyobaki mwilini bila kazi yake ya zamani, kama kile kifupa cha mwisho wa mgongo, ambacho ni alama ya mkia. Akasema, "Kiumbe hashoni nguo mpya. Anapunguza na kurefusha ile aliyoirithi, na ukiigeuza ndani unaona mishono."

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye vidole. Nilisimama nikauliza, "Mwalimu, mtu akikatwa kitu mwilini, watoto wake watazaliwa bila kitu hicho?"

Mwalimu akatazama nyuma walikokaa wanaume. "Shomari, umetahiriwa?"

Darasa zima likapiga kelele. Shomari akasema kwa sauti ya mgambo, "Mwalimu, mimi Mwislamu!"

"Na baba yako?"

"Naye."

"Na babu, na babu wa babu?"

"Wote!"

"Na wanao wa kiume, walizaliwa wameshatahiriwa?"

"Aa, mwalimu, ingetuepusha na kilio kingi."

Nilicheka na wenzangu mpaka machozi, kisha yale machozi hayakukoma, nikajifanya nimeingiwa na vumbi la chaki. Kwa sababu miaka yote, Riziki, nilidhani ule uzi umemaliza kila kitu. Nilidhani hata ningetaka kusema sasa, sina cha kuonyesha ila vinundu viwili, kidole chenyewe kimekatwa na kimeoza. Kumbe alichokata mama yangu ni ngozi tu. Kinachopita kwa mtoto ni kile kilicho ndani ya vinasaba, na huko uzi haufiki. Ulikuwa unatembea nacho humu ndani ya nyumba, unafagia nacho, unaandika nacho.

Tulipotoka nikamfuata mwalimu, nikamuuliza habari za vidole sita kama mtu anayeulizia jirani. Akasema mara nyingi hutembea katika ukoo, na huweza kumruka mtu vikamtokea mjukuu wake. Kisha akanipunguzia furaha. Akasema vinatokea pia kwenye koo zisizojuana, hivyo mtu asikimbilie kusema kila mwenye kinundu ni ndugu yake.

"Basi si ushahidi?" nikamuuliza.

"Ni ushahidi mmoja, Mama Riziki. Tafuta mwingine, uweke pamoja, uone kama vinaelekea upande mmoja."

Nimetafuta. Masikio yako yameshikana chini kama ya baba yako. Unapotunga sindano unatoa ncha ya ulimi kushoto, kama yeye alivyokuwa akifungua skrubu. Ukicheka sana unapata kwikwi. Feni lilipokufa ulilifungua ukalitengeneza bila kufundishwa, ila hili sijui kama linahesabika, mwalimu amesema si kila kitu huja kwa damu. Na siku moja, utanicheka, nilichukua jembe nikaenda chini ya mdimu nikachimba. Nilikuwa nimetoka darasani, kichwa kimejaa mifupa ya Tendaguru. Nilijua kabisa kwamba kidole kile hakikuwa na mfupa, nilijua miaka imepita, na bado nilichimba. Nilipata kizibo cha soda, ganda la konokono na kifungo cha shati. Ukatokea mlangoni, "Mama, unatafuta nini huko?" Nikasema, "Minyoo ya kuku." Hata hapo, mwanangu. Hata hapo nilikudanganya.

Usidhani somo hili limenituliza. Limenichanganya kuliko nilivyokuwa. Marehemu baba yangu alinifundisha kwamba Mungu alimuumba mtu kwa udongo, na nikisujudu ninaamini hivyo. Nikifungua daftari naona mifupa juu ya meza, nami siwezi kusema sikuiona. Nilimuuliza Mwalimu Fransiska, yeye anayekwenda kanisani kila Jumapili, anafanyaje. Akasema, "Nami nilimuuliza padri wangu nikiwa chuoni. Tulizungumza mpaka chai ikapoa." Hakunipa jibu zaidi ya hilo, na nilimshukuru kwa kutonipa. Ninaswali na ninasoma. Havijagombana ndani yangu, wala havijakaa mkeka mmoja. Huenda wewe utayaona vizuri zaidi huko uendako, uniandikie.

Na kuna jambo jingine linalonisumbua. Mwalimu anasema hakuna aliyekusudia kidole cha sita. Kimetokea tu, hakidhuru, hakisaidii, kimebebwa. Basi jambo ambalo halikukusudiwa na yeyote limenitoa kwenye ndoa, limemfanya mtoto akose baba, limemfanya mwanamke wa Rasbura akose mjukuu. Nikitafuta wa kumlaumu naona watu watatu waliokuwa na nia njema, wawili wakiwa na uzi mkononi. Bi Mwanahawa angeuliza wazi, "Kidole kiko wapi?" nisingebisha. Mama angengoja siku thelathini na saba zaidi. Baba yako angenisimulia desturi ya kwao, lakini labda aliiona ya kawaida mno kuisimulia, kama sisi tusivyosimulia kwamba tunakula kwa mkono. Na mimi ningesema kweli Mingoyo. Hao wote walikosea kwa kutojua. Mimi nilikosea nikijua.

Kwa nini nakwambia leo? Kwa sababu kesho unakwenda Lindi, na chuo chako cha uuguzi kiko mwendo mfupi kutoka Rasbura. Utapita mtaa huo kwenda sokoni. Saumu nilionana naye tena mwaka jana, akaniambia mama yake yu hai, macho yamepungua nguvu, na baba yako ameoa na ana vijana wawili. Vijana wawili, Riziki, wa rika la karibu na lako, wanaotembea barabara hizohizo. Siwezi kukuacha uende huko hujui kwamba ni ndugu zako. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nichane daftari.

Lakini ukiniuliza uende kubisha hodi au usiende, sijui. Nimelifikiria kila upande. Nikisema nenda, huenda ukafukuzwa mlangoni na mwanamke aliyeshaamua miaka kumi na tisa iliyopita. Nikisema usiende, nitakuwa nimeivuta tena ile kanga. Una miaka kumi na tisa, hakuna wa kukuchukua kwangu sasa, kwa hiyo woga wangu wa zamani hauna kazi, umebaki tu kama kile kifupa cha mkia. Naogopa kitu kingine. Naogopa utakapomaliza kusoma hapa utakunja karatasi na usinipigie simu. Ukikaa kimya siku mbili tatu nitaelewa. Ukikaa mwezi nitakuja Lindi.

Unakwenda kujifunza kupokea watoto. Siku moja atazaliwa mmoja mikononi mwako, na bibi yake atakuvuta pembeni akuombe uzi. Pengine mtoto huyo atakuwa wako mwenyewe. Mwulize bibi huyo kwanza kama ukoo wote umeshamwona mtoto.

Unakumbuka wiki ya jana nilipokuomba uweke mkono juu ya daftari nikuchore, kwa ajili ya kazi ya nyumbani? Ulicheka, "Mama, umerudi chekechea?" Nikachora mikono yote miwili, nikaandika majina ya mifupa, mwalimu akaweka vema. Ukurasa huo nimeuchana pia. Umo humu ndani ya bahasha ya pili, ile isiyofungwa, yenye jina la Bi Mwanahawa. Hakuna maneno mengine humo, ila nimeandika chini: Sivyo alivyozaliwa, mama. Nisamehe. Zuhura.

Na mstari wa kalamu, ukiutazama vizuri, umezunguka kila kidole ukafunga, isipokuwa mahali pawili, pale penye vinundu. Pale nimeuacha wazi. Macho yake yamepungua nguvu, lakini alikuja na uzi siku ile. Atajua pa kutazama.

Bahasha hiyo ni yako. Ipeleke, ichome, iweke chini ya godoro mpaka umalize chuo. Nasikia sauti yako kwa jirani, unacheka, na sasa hivi utapata kwikwi.

Ndiyo hiyo, umeshaipata. Naficha daftari.

Mama yako,
Zuhura binti Selemani